Upasuaji wa Utumbo kwa Matundu Madogo

Msichana anayeumwa na tumbo kila mwezi hata akashindwa kuhudhuria masomo, mara nyingi huambiwa avumilie. Kumbe maumivu hayo yaweza kuwa dalili ya endometriosi, ugonjwa unaompata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa.

Katika ugonjwa huu, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji huo. Mwaka 1927 daktari wa Marekani, John Sampson, alieleza kwamba damu ya hedhi yaweza kurudi kwa mirija ya uzazi na kumwaga chembe hai tumboni. Nadharia hiyo haitoshelezi, kwa kuwa damu hurudi hivyo hata kwa wanawake wengi wasiougua.

Tishu hiyo huitikia homoni. Huvimba, huvuja damu na kuacha makovu. Ikipenya ukuta wa utumbo, hasa kwenye puru, mgonjwa huumia sana aendapo haja kubwa wakati wa hedhi. Dawa za homoni huwatuliza wengi. Zisipofaa, au utumbo ukianza kuziba, upasuaji hufikiriwa.

Zamani tumbo lilipasuliwa kwa mkato mrefu. Katika laparoskopi, mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, kisha kaboni dayoksaidi hupulizwa tumboni ili ukuta wake uinuke. Gesi hiyo haiwaki, nayo huyeyuka upesi katika damu na kutoka kwa pumzi. Kamera na vyombo vyembamba hupitishwa katika matundu ya milimita 5 hadi 12.

Kadiri ugonjwa ulivyopenya, mpasuaji huchagua moja ya njia tatu: kuukwangua juu ya utumbo, kukata kiduara kidogo cha ukuta na kushona, au kuondoa kipande kizima na kuunganisha ncha mbili.

Matundu madogo hupona upesi kuliko mkato mrefu. Hata hivyo, maungio yaweza kuvuja, neva za kibofu zaweza kudhurika, na ugonjwa waweza kurudi. Kwa hiyo msichana asemaye kwamba anaumia astahili kusikilizwa na kupelekwa kwa daktari mapema.

Maswali
1. Kwa nini hewa ya kawaida haifai kupulizwa tumboni?
2. Eleza kwa nini maumivu hufuata mzunguko wa mwezi.