Mgongo Hauponi kwa Kulala Tu

Sokoni Mwanakwerekwe mahamali hubeba magunia mazito kutwa. Mmoja wao akiumwa kiuno, jamaa humlaza majuma mengi, wakidhani ndiyo huruma. Kumbe misuli isiyotumika hulegea, viungo hukakamaa, na woga wa kuinama huzidi.

Wenye taabu hii si wachache. Shirika la Afya Duniani lilitaja watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno mwaka 2020. Desemba 2023 likatoa mwongozo juu ya maumivu yaliyopita miezi 3 yasiyotokana na ugonjwa mwingine: mgonjwa aelezwe hali yake, afanye mazoezi, asaidiwe kushinda hofu. Mikanda ya kiuno, na kuvuta mgongo kwa uzito, halikuishauri.

Basi yatupasa nini? Atembee kidogo leo, kesho aongeze. Aanze na mzigo mwepesi, ndipo ashike ulio mzito. Tusimwite mvivu, wala tusimfanyie kila kazi, bali tumwachie ile anayoiweza.

Lakini miguu ikilegea, au mkojo usipozuilika, apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja siku ile ile. Tena maumivu yakifuatana na homa na kukonda, apimwe upesi, maana huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho kina dawa.

Huruma ya kweli humpa mtu mkono ainuke.