Msimfiche Jina la Ugonjwa Wake

Mwanangu wa Michenzani,

Umeuliza ni vipi kipimo cha siki cha dada yenu cha mwaka juzi kilikuwa safi, na kama mwendelee kumwambia kwamba ni uvimbe tu.

Usiwalaumu waliompima. Siki hutafuta ngozi ya shingo ya kizazi iliyoanza kubadilika, na saratani iliyozoeleka hujitayarisha hapo miaka mingi. Hii ya dada yenu, ya nyuroendokrini ya chembe ndogo, haina subira hiyo: hukua haraka na huingia damuni mapema, ikafika mapafu, ini, hata ubongo. Ni adimu, katika wagonjwa 100 wa saratani ya shingo ya kizazi, pengine mmoja au wawili. Kwa hiyo habari za jirani aliyepona kwa mionzi tu hazikufaeni. Ya dada hutaka dripu za sisplatini na etoposidi, pamoja na upasuaji au mionzi, kwa kadiri ugonjwa ulipofika.

Ulilolisoma kwenye simu lina ukweli, sitakudanganya. Katika wanawake 10 wenye aina hii, kama 3 tu ndio wanaovuka miaka 5. Lakini hapo wamechanganywa waliokutwa ugonjwa haujatoka mahali pake na waliokutwa umeshatapakaa, na baina yao ni mbingu na ardhi. Dada yuko upande gani? CT ya kifua na tumbo ndiyo itakayosema, nanyi mnapoteza wiki mkibishana kwamba hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, watu huenda kufa. Wazanzibari wanavuka kwenda kutibiwa huko miaka nenda miaka rudi. Wengi hufika wamechelewa, na hilo ndilo linaloipa hospitali hiyo sifa mbaya.

Aambiwe, tena na daktari, nawe ukiwa ubavuni. Nywele zikianza kumtoka kwa dripu, mtamwambia ni uvimbe gani huo? Na huyo wifi anayenong'ona ngazini kuhusu tabia zake, mwambieni virusi vya HPV, ambavyo mara nyingi ndivyo chanzo cha saratani hii, huwapata wengi, hata aliyeolewa na mume mmoja maisha yake yote.

Kombe na dua msimzuilie. Mizizi ya kuchemsha, hapana: sisplatini peke yake ni nzito kwa figo. Akirudi kutoka hospitali, mtafutieni jamaa mwenye chumba cha chini. Ghorofa yenu ya nne bila lifti hataiweza.

Binti yake wa miaka 11 achanjwe HPV. Tangu 2024 ni sindano moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.