Mafini za mahindi: maswali yenu kwa mwokaji

Mafini ni keki ndogo za vikombe. Za mahindi asili yake ni Marekani, na jimbo la Massachusetts lilizifanya mafini zake rasmi mwaka 1986. Unga wake ni huu huu wa ugali, na hapo ndipo maswali yenu mengi yanapoanzia.

Mwalimu, nitumie sembe au dona?
Yote mawili yanafaa. Sembe hutoa mafini laini na nyeupe. Dona lina ladha zaidi kwa sababu kiini na pumba havikuondolewa, lakini hunywa maji mengi, hivyo ongeza vijiko viwili vikubwa vya maziwa. Ukiona unga una ukungu au unanuka uvundo, utupe: joto la oveni halimalizi sumukuvu.

Kwa nini nichanganye na ngano?
Mahindi hayana gluteni, ile inayonasa hewa na kushikilia keki. Mafini za mahindi matupu humomonyoka mkononi. Kwa mafini 12 changanya kikombe kimoja cha unga wa mahindi, kimoja cha ngano, theluthi moja ya kikombe cha sukari, vijiko vidogo viwili vya baking poda, nusu kijiko kidogo cha soda ya kuokea na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pembeni piga mayai mawili, kikombe cha mtindi na theluthi moja ya kikombe cha mafuta, kisha mimina kwenye unga.

Zangu hutoka ngumu, na ndani zina mashimo marefu.
Umekoroga mno. Gluteni ya ngano imekaza na hewa imejitafutia njia. Geuza kwa mwiko taratibu, na acha mara tu unga mkavu unapopotea machoni. Mabonge madogo yasikusumbue, yataiva. Acha mchanganyiko utulie dakika 10 ili chenga za mahindi zilainike, la sivyo utazitafuna kama mchanga.

Sina mtindi. Nifanyeje?
Tia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu katika kikombe cha maziwa, usubiri dakika tano yagande kidogo. Uchachu huo ndio unaoiamsha soda. Ukitumia maziwa matupu, acha soda na uongeze kijiko kidogo kimoja cha baking poda.

Oveni iwe na moto gani? Na sisi wa jiko la mkaa?
Iwe imeshapata nyuzi 200 kabla hujaingiza trei, kisha oka dakika 18 hadi 20. Kwa mkaa, tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, ufunike na upashe. Panga vibati juu ya mchanga, rudisha mfuniko, kisha weka makaa mengi juu yake na machache chini. Usifunuefunue. Harufu ikishatoka, chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua.

Mbona kesho yake huwa kavu?
Wanga wa mahindi hukaza upesi, na kwenye friji hukaza upesi zaidi. Zikishapoa zifunge vizuri uziache mezani, na asubuhi uzipashe kidogo. Zikiwa nyingi, zigandishe kwenye friza. Lakini mafini tamu za mahindi ni za siku ileile: oka za kutosha nyumba yako, zisilale.