Mbunge wa Kiti cha Nyuma na Mstari wa Meli

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika somo la Uraia tumefundishwa kwamba mbunge ni mjumbe wa watu. Wengi wetu tukisikia hivyo huwafikiria mawaziri, maana hao ndio ambao picha zao hutokea magazetini. Lakini wabunge walio wengi si mawaziri. Hukaa viti vya nyuma, na hawana wizara, wala askari, wala fungu la fedha za kugawa. Basi mtu kama huyo aweza kufanya nini? Nitajaribu kulijibu swali hili kwa habari za mbunge mmoja wa Uingereza wa zamani, ambaye kazi yake yaonekana hata leo katika bandari ya Dar es Salaam.

Alama Ubavuni mwa Meli

Likizo iliyopita nilivuka kwenda Kigamboni pamoja na mjomba wangu, aliyekuwa baharia kwa miaka mingi. Tulipokuwa pantonini, meli kubwa ya mizigo ilikuwa ikiingia bandarini. Ubavuni mwake niliona duara lililokatwa katikati kwa mstari, na kando yake vistari vidogo vyenye herufi. Nikauliza, "Mjomba, ile ni alama ya kampuni?"

Akacheka, akasema, "Sivyo, mjomba. Pale ndipo mwisho wa tamaa ya mwenye meli. Maji yakiufunika mstari wake, ujue meli imezidishiwa mzigo. Mabaharia huuita mstari wa Plimsoll."

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia, naye akanieleza maana ya zile herufi. Tumejifunza kwamba kitu kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo kama 1,025, na ya maji yasiyo na chumvi ina kilo 1,000. Kwa hiyo meli ile ile, yenye mzigo ule ule, huzama zaidi kidogo ikitoka baharini na kuingia mtoni. Ndiyo sababu uko mstari wa F kwa maji yasiyo na chumvi, T kwa bahari za nchi za joto kama yetu, S kwa majira ya joto, na W kwa majira ya baridi. Mstari wa W uko chini ya ule wa S, maana wakati wa baridi dhoruba ni kali, na meli hupaswa kupakia kidogo ili ubavu wake ubaki juu ya maji zaidi.

Plimsoll Alikuwa Nani?

Samuel Plimsoll alizaliwa Bristol mwaka 1824. Hakuwa baharia. Alikwenda London kufanya biashara ya makaa ya mawe, ikamwendea vibaya, akawa fukara akaishi katika nyumba za kulala za watu maskini. Baadaye mambo yake yalitengenea, lakini hakuwasahau wale aliolala nao. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa mbunge wa Derby, mji ulio mbali na pwani. Hapa yafaa tuangalie jambo moja: wapiga kura wake wengi hawakuwa watu wa bahari. Alitetea watu ambao kura zao hazikuwa mkononi mwake.

Taabu yenyewe ilikuwa hii. Wakati ule sheria haikuweka kiasi cha mzigo ambao meli yaweza kuchukua. Baadhi ya matajiri walipeleka baharini meli kuukuu zilizojazwa kupita kiasi. Zilikuwa zimekatiwa bima, hivyo meli ikizama mwenyewe hulipwa, na pengine hulipwa zaidi ya thamani yake. Baharia aliyekwisha kutia sahihi mkataba, kisha akaiona meli ni mbovu akakataa kusafiri, aliweza kufungwa jela. Watu wakaziita meli hizo majeneza.

Njia Aliyoifuata

Kwanza, Plimsoll aliuliza na kutoa hoja Bungeni. Chama chake mwenyewe, cha Liberal, ndicho kilichokuwa kikitawala, lakini hakikumpa alichotaka. Wenye meli walikuwa watu wakubwa, na wengine wao walikuwa wabunge.

Pili, alikusanya ushahidi. Mwaka 1873 habari zake zilienea nchini kwa kitabu alichokitunga juu ya mabaharia, nao watu waliosoma walishtuka. Baadhi ya wenye meli walimshitaki kwa kuwavunjia heshima. Hata hivyo mwaka ule ule serikali iliunda tume ya kuchunguza jambo hilo.

Tatu, hakukata tamaa. Mwaka 1874 muswada wake ulishindwa kwa kura 3 tu. Mwaka uliofuata serikali ya Disraeli ilileta muswada wake yenyewe. Plimsoll aliuona ni dhaifu, lakini akakubali kuupokea, maana nusu shari ni heri kuliko shari kamili.

Ndipo ilipofika tarehe 22 Julai, 1875. Disraeli, Waziri Mkuu, alitangaza kwamba muswada huo umeachwa. Plimsoll alishindwa kujizuia. Alisimama katikati ya Bunge, akatikisa ngumi, akasema atawafichua waovu wanaowapeleka mabaharia kufa. Spika alimtaka aliondoe neno hilo, akakataa, akatoka nje. Alipewa juma moja la kufikiri. Aliporudi aliomba radhi kwa kuvunja adabu ya Bunge, lakini hakuondoa hata moja katika habari alizozieleza kuwa ni za kweli.

Nchi nzima ilikuwa upande wake. Mikutano ilifanywa katika miji mingi, na serikali ikalazimika kupitisha sheria ya muda mwaka ule ule. Mwaka 1876 ilitoka sheria kamili, iliyoamuru meli ziwe na mstari.

Kasoro ya Sheria

Hapa watu wengi humaliza hadithi, lakini somo halijaisha. Sheria ya 1876 ilisema mstari uwepo, lakini ilimwachia mwenye meli achague mahali pa kuupaka! Yasimuliwa kwamba nahodha mmoja, kwa dhihaka, aliupaka wake juu ya dohani. Mpaka mwaka 1890 ndipo sheria ilipoamuru mstari uwekwe mahali palipopimwa kwa kanuni za serikali. Wakati huo Plimsoll alikuwa amekwisha kuondoka Bungeni, kwani alikiacha kiti chake mwaka 1880. Alifariki mwaka 1898. Mapatano ya mataifa juu ya mistari ya meli yalifanywa mwaka 1930, na mengine mwaka 1966.

Kwetu

Labda msomaji atasema, "Hayo ni ya Wazungu na ya zamani." La, sivyo. Mwezi Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kwa kuchukua watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Rangi ubavuni mwa chombo haimzuii mtu kupanda. Lazima yuko mtu wa kuhesabu, na mtu wa kuuliza kwa nini haikuhesabiwa.

Kazi ya kuuliza tumempa mbunge. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 63, yampa haki ya kumwuliza waziri yeyote swali juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 yalinda uhuru wa kusema Bungeni. Waziri akiisha kujibu, mbunge aweza kuuliza swali la nyongeza, na hapo ndipo hutambulikana nani amejitayarisha na nani amekuja kupiga kelele.

Nasema hivyo kwa sababu yamenipata mwenyewe. Mimi ni mjumbe wa bweni letu katika baraza la wanafunzi. Muhula uliopita nilisimama nikasema kwa ukali kwamba maji hayatutoshi na hakuna anayetujali. Wenzangu walipiga makofi. Mwalimu aliyekuwa mwenyekiti akauliza kwa upole, "Mabomba mangapi hayatoi maji, na tangu lini?" Sikujua. Nikakaa chini, na jambo letu likakaa nami.

Baada ya kusoma habari za Plimsoll nilichukua daftari. Kwa siku 14, asubuhi na jioni, niliandika bomba lipi linatoa maji na lipi halitoi. Katika mabomba 6, manne hayakutoa tone siku zote hizo. Kikao kilichofuata nilisoma daftari langu bila kupaza sauti. Fundi aliletwa, akatengeneza matatu. La nne bado, nami naendelea kuliandika.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, jibu la swali langu la kwanza ni hili. Mtu wa kiti cha nyuma hana amri, lakini ana haki ya kuuliza, na swali lenye hesabu ndani yake ni gumu kulikwepa. Nanyi wazazi wetu, mbunge wenu akija kuwasalimu, msimwambie tu kwamba kivuko hujaa mno. Mwambieni hujaa siku gani, hubeba watu wangapi, na kiliandikiwa wangapi. Akienda Bungeni na hayo atakuwa na la kuuliza, na waziri atakuwa na la kujibu.