Kanuni ya Boyle Kazini: Kuchagua Kompresa ya Kupulizia Chembe

Unachopaswa kukumbuka kabla ya kuanza

Joto lisipobadilika, kanieneo ya gesi ikizidishwa kwa ujazo wake hubaki vilevile: P₁V₁ = P₂V₂. Geji ya kompresa husoma kanieneo iliyozidi ile ya angahewa. Hewa huru ni hewa iliyopimwa katika kanieneo ya angahewa, kabla haijagandamizwa.

Swali

Fundi wa karakana iliyopo Kambarage, Shinyanga mjini, ameletewa matangi ya chuma kutoka kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu huko Geita. Anatakiwa kuondoa kutu kwa kupuliza chembe ngumu kabla ya kupaka rangi. Ana kompresa yenye tangi la lita 300, inayotoa mita za ujazo 0.3 za hewa huru kwa dakika. Nozeli yake ina kipenyo cha milimita 6.4. Je, kompresa hiyo inafaa? Kama haifai, anahitaji ya ukubwa gani?

Wanafunzi wengi hutazama tangi na kujibu, "Inafaa, tangi ni kubwa." Hilo ndilo kosa la kwanza. Tangi hutunza hewa, halitengenezi hewa.

Hatua ya 1: Mahitaji ya nozeli

Kwenye usawa wa bahari, nozeli ya milimita 6.4 ikifanya kazi kwa kPa 700 hutumia karibu mita za ujazo 2.3 za hewa huru kwa dakika. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya angahewa huko ni karibu kPa 89, wakati Dar es Salaam ni karibu kPa 101. Hewa ni nyepesi zaidi, hivyo kompresa lazima ivute ujazo mkubwa zaidi ili ipate tungamo lile lile:

2.3 × 101 ÷ 89 = 2.6 (mita za ujazo kwa dakika)

Hatua ya 2: Tangi litadumu muda gani?

Tuseme tangi limejaa hadi kPa 800, na kazi haifanyiki vizuri geji ikishuka chini ya kPa 600. Lita 300 ni mita za ujazo 0.3. Kwa Kanuni ya Boyle, hewa huru inayotoka tangini ni:

0.3 × (800 − 600) ÷ 89 = 0.67

Nozeli inatumia 2.6 kwa dakika na kompresa inarudisha 0.3, kwa hiyo tangi linapungukiwa 2.3 kila dakika. Muda wake ni 0.67 ÷ 2.3 = dakika 0.29, yaani karibu sekunde 18. Baada ya hapo fundi atasimama kusubiri. Kompresa hii inatosha kujaza upepo kwenye matairi. Kwa kazi hii haifai.

Hatua ya 3: Ukubwa unaohitajika

(a) Nozeli hulika. Kipenyo kikipanuka kutoka milimita 6.4 hadi 8, eneo la tundu huongezeka kwa mraba wa uwiano wa vipenyo: (8 ÷ 6.4)² = 1.56. Mahitaji huwa 2.6 × 1.56 = 4.1. Ukikadiria kwa nozeli mpya tu, kompresa itashindwa nozeli ikichakaa.

(b) Mpulizaji huvaa kofia inayoletewa hewa ya kupumua. Tuiwekee 0.5. Jumla: 4.6.

(c) Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya uvujaji kwenye mipira na maungio: 4.6 × 1.1 = 5.1.

Jibu: kompresa inayotoa angalau mita za ujazo 5.1 za hewa huru kwa dakika, kwa kPa 700. Kila mita ya ujazo kwa dakika huhitaji karibu kilowati 6.6, hivyo mashine itahitaji karibu kilowati 34. Umeme wa kawaida wa nyumbani hautoshi. Fundi atahitaji umeme wa fezi tatu au kompresa ya dizeli ya kukokotwa na gari.

Zingatia: chembe gani zinapulizwa?

Hesabu sahihi inaweza kumuua mtu kama chembe ni mchanga wa mto. Mchanga huo una silika nyingi. Ukigonga chuma hupasuka kuwa vumbi laini lisiloonekana kwa urahisi, nalo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna tiba, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Vumbi la miamba ya kwatzi inayobeba dhahabu nalo huleta ugonjwa huohuo. Uingereza ilikataza kupuliza mchanga wenye silika kwa kanuni za mwaka 1949. Tumia ganeti au chembe za chuma.

Kitambaa puani hakizuii vumbi hili. Hewa ya kofia lazima ichujwe, na mdomo wa kompresa unaovuta hewa uwe mbali na moshi wa injini, kwa sababu moshi huo una monoksidi ya kaboni. Nchini Tanzania, usalama wa kazi kama hii uko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA.

Zoezi

1. Nozeli ya milimita 4.8 hutumia mita za ujazo 1.3 kwa dakika kwenye usawa wa bahari. Itahitaji kiasi gani Shinyanga?
2. Fundi wa Hatua ya 2 akinunua tangi la lita 600 bila kubadili kompresa, atafanya kazi kwa sekunde ngapi kabla ya kusimama?
3. Mwenzako anasema, "Nikifanya kazi nje, upepo utaondoa vumbi, kwa hiyo mchanga wa mto hauna shida." Mjibu kwa hoja mbili.

Majibu: (1) Karibu 1.5. (2) Karibu sekunde 35. Tangi maradufu limeongeza sekunde 17 tu. (3) Mpulizaji yuko karibu na vumbi kabla upepo haujalitawanya. Na upepo hulipeleka kwa majirani na wapita njia.