Mafunzo ya Daktari Bingwa wa Usingizi

Swali: Daktari anayetaka kubobea katika usingizi husomea nini?

Jibu: Nchini Tanzania, daktari aliyemaliza shahada ya kwanza ya miaka 5 na mwaka 1 wa mafunzo kazini huendelea na shahada ya uzamili, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambako hujifunza nusukaputi, yaani kumlaza mgonjwa fofofo kwa dawa, pamoja na ganzi ya mgongo, ambayo humwacha mama anayejifungua kwa upasuaji akiwa macho ingawa huweza kumshusha presha ghafla. Lililo gumu zaidi, na linalostahili mazoezi mengi kuliko yote, ni kupitisha mpira kooni hadi kwenye njia ya hewa na kuhakikisha kwamba kifua kinainuka pande zote mbili. Mwanafunzi huhudumia pia wagonjwa mahututi.