Tukinge Bomba Letu na Baridi Kali

Mwezi Juni unapoingia, sisi wa nyanda za juu tunatoa makoti na mablanketi. Mtoto tunamvika sweta. Mzee tunamsogeza karibu na moto. Ndama tunamlaza ndani. Lakini kipo kitu kimoja tunachokiacha nje usiku kucha bila nguo. Kitu hicho ni bomba la maji.

Labda utauliza: je, hili ni somo la afya au ni somo la ufundi? Ni somo la afya. Baridi inaweza kupasua bomba. Bomba likipasuka, maji safi hutoka na ugonjwa huingia. Leo tutajifunza jinsi ya kulikinga.

BARIDI YA KUGANDISHA MAJI IKO WAPI?

Sehemu kubwa ya nchi yetu ina joto. Ndugu zetu wa Rufiji wakiambiwa kwamba maji yanaganda nje ya nyumba, huenda watacheka. Lakini watu wa Makete, Njombe na Mufindi hawatacheka. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kuna asubuhi ambazo nyasi huwa nyeupe, kama mtu amemwaga unga. Weupe huo ni sakitu. Sakitu huunguza majani ya viazi. Huunguza majani ya chai. Usiku wa sakitu kali hugandisha pia maji yaliyosimama.

Usiku wa hatari una dalili zake. Jioni mbingu huwa safi. Nyota huonekana zote. Hakuna wingu na hakuna upepo. Mawingu ni kama blanketi la ardhi. Yasipokuwapo, joto la ardhi hupanda juu na kupotea. Tena hewa ya baridi ni nzito. Huteremka na kujikusanya bondeni, kama maji. Kwa hiyo kilula kilicho bondeni kinaweza kuganda, na kilula kilicho juu ya mteremko kisigande.

KWA NINI BOMBA HUPASUKA?

Vitu vingi vikipoa hunywea. Maji hayafanyi hivyo yanapoganda. Maji yakiganda hutanuka. Ukichukua madumu 11 ya maji ukayagandisha yote, barafu yake itahitaji karibu madumu 12.

Sasa fikiri juu ya bomba lililojaa maji, na koki yake imefungwa. Maji yanaganda na kutanuka, lakini hayana pa kwenda. Yanasukuma ukuta wa bomba. Chuma chenyewe hushindwa. Koki hupata ufa. Bomba gumu la plastiki hupasuka. Bomba jeusi la plastiki, lile linalokunjwa kama kamba, huvumilia zaidi kwa sababu hutanuka kidogo. Lakini viungo vyake na koki yake ni dhaifu kama vya mabomba mengine.

Jambo moja huwadanganya watu. Alfajiri huoni maji yakivuja, kwa sababu barafu imeziba ufa. Unadhani bomba ni zima. Saa tatu au saa nne jua likipata nguvu, barafu huyeyuka. Hapo ndipo maji huanza kuruka.

UGONJWA HUINGIAJE?

Huingia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni mtoni. Bomba likifa, watu hurudi kuchota mtoni. Huko ng'ombe hunywa, watu hufua, na mvua huosha vinyesi vya porini. Maji ya namna hiyo huleta kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na minyoo. Wanaoumia kwanza ni watoto wadogo.

Njia ya pili haionekani, na watu wengi hawaijui. Ni ule ufa wenyewe. Maji yanapopita kwa nguvu ndani ya bomba, husukuma kwenda nje. Yanapokatika, bomba linaloteremka mlimani huweza kuvuta, kama mtu anayevuta kinywaji kwa mrija. Kama kando ya ufa kuna tope lenye mavi ya ng'ombe, tope hilo huvutwa ndani. Maji yakirudi, uchafu huo huteremka hadi kwenye ndoo yako. Kwa hiyo usiseme, "Ufa ni mdogo, maji bado yanafika." Yanafika, lakini hayako peke yake.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji. Mwaka wangu wa kwanza kazini, asubuhi moja ya mwezi Julai, koki ya nje ya zahanati haikutoa maji. Ndani alikuwamo mama mwenye uchungu wa kuzaa. Nilitaka maji upesi. Nikakusanya nyasi kavu, nikaziwasha chini ya bomba ili barafu iyeyuke. Bomba lilikuwa la plastiki. Likalainika, likapinda, likatoboka. Maji ya tangi letu yakamwagika yote chini.

Mama yule alijifungua salama. Lakini maji tuliyotumia aliyachota bibi yake mtoni, kwa ndoo, gizani, na sisi tukayachemsha. Kwa siku 9 zahanati haikuwa na maji. Kila mja mzito aliyekuja alikuja na dumu lake. Bibi yule aliniambia, "Daktari mwanangu, kila siku unatufundisha kinga. Mbona bomba lako hukulikinga?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana ninaandika somo hili kabla ya baridi, si baada yake.

MAMBO MATANO YA KUFANYA KABLA YA BARIDI

1. Fukia bomba. Ardhi hutunza joto. Sakitu ya kwetu huganda juu ya ardhi. Haishuki chini sana. Bomba lililofukiwa mita 1 chini halitaguswa na baridi, wala na jembe, wala na kwato za ng'ombe. Tembeeni kufuata njia yote ya bomba. Mahali ambapo mvua imeosha udongo na bomba linaonekana, fukieni tena.

2. Vika nguo sehemu iliyo nje. Hii ni shingo ya kilula, yaani bomba linalosimama kutoka ardhini hadi kwenye koki. Lizungushie nyasi kavu, gunia au blanketi kuukuu, unene wa kiganja cha mkono. Anzia ardhini kabisa, usiache uwazi chini. Funga kwa kamba ya mpira. Juu yake zungushia mfuko wa plastiki ili umande usiingie, maana nguo iliyolowa haitunzi joto. Mdomo wa koki uache wazi, na uwe safi. Kumbuka kwamba blanketi halitengenezi joto. Hutunza lile linalopanda kutoka ardhini.

3. Toa maji ndani ya shingo. Vilula vingine vina koki ya kufungia chini, ndani ya kisanduku, na tundu la kumwagia maji. Kama chenu ni cha namna hiyo, jioni ya hatari fungeni koki ya chini, fungueni tundu, kisha fungueni koki ya juu maji yaishe. Bomba tupu haligandi. Kama kuna mpira wa kumwagilia bustani, uchomoe, umwage maji yake, uuweke ndani.

4. Kama hamwezi kutoa maji, yaacheni yatiririke kidogo. Maji yanayotembea hayagandi upesi kama yaliyosimama. Uzi mwembamba wa maji unatosha. Lakini fanyeni hivyo usiku wa hatari tu, kwa ruhusa ya kamati ya maji, na maji yaelekezwe kwenye mfereji. Yasifanye tope chini ya kilula.

5. Weka akiba ndani. Jioni jaza ndoo au dumu safi, ufunike. Hata koki ikichelewa kuyeyuka asubuhi, uji wa mtoto utapikwa, na hakuna atakayekimbilia mtoni.

BOMBA LIKIGANDA, UFANYE NINI?

Usiwashe moto. Usimwagie maji yanayochemka. Usiligonge kwa jiwe. Moto huyeyusha plastiki, na joto la ghafla hupasua chuma.

Kwanza fungua koki, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Kisha chukua kitambaa, kizungushie koki. Mwagia maji ya uvuguvugu, ambayo unaweza kumwogeshea mtoto. Anzia kwenye koki, ushuke polepole kuelekea ardhini. Kama huna haraka, ngoja jua. Maji yakianza kutoka, angalia kila kiungo kama kinavuja.

BOMBA LIKIPASUKA, UFANYE NINI?

Funga koki ya kufungia iliyo karibu. Mwarifu fundi wa maji au kamati siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 2019 kazi ya maji vijijini inasimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, pamoja na vyombo vya maji vya wananchi wenyewe. Ada ya maji tunayolipa ndiyo hununua koki mpya. Usifunge ufa kwa tambara ukaridhika. Tambara halizuii uchafu.

Wakati fundi anafanya kazi, ondoeni tope na mavi yote yaliyo karibu na shimo. Akimaliza, acheni maji yatoke mpaka yawe meupe kabisa. Halafu muulizeni fundi kama bomba limesafishwa kwa dawa ya klorini. Mpaka atakapojibu ndiyo, chemsheni maji yote ya kunywa.

Hapa kuna jambo la kujua sisi wa milimani. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kabla hayajapata joto kama la maji yanayochemka pwani. Kwa hiyo, mahali palipo juu ya mita 2,000, yakianza kutokota yaache yatokote kwa dakika 3. Kama huna saa, hesabu polepole hadi 180. Yaache yapoe katika chombo hicho hicho chenye kifuniko. Usiyachanganye na maji mabichi.

Mtoto akianza kuharisha, usingoje. Mpe maji ya kuzuia upungufu wa maji mwilini. Pakiti zake hupatikana zahanati. Soma maandishi ya pakiti uone kiasi cha maji safi cha kuchanganya. Aliye wa kunyonya aendelee kunyonya. Mpeleke zahanati, hasa ukiona damu katika choo, macho yamebonyea, au hataki kunywa.

NENO LA MWISHO

Ndugu mwanakisomo, gunia moja kuukuu, fungu la nyasi na kamba ya mpira havimshindi mtu. Watu wawili wanaweza kuvika kilula nguo kabla ya chai ya asubuhi. Lakini koki ikipasuka, kijiji kizima hulipa. Akina mama hulipa kwa miguu yao, na watoto hulipa kwa matumbo yao.

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tusingoje hata huo ufa. Tukinge kabla haujatokea.

MANENO YA KUKUMBUKA

Sakitu: unyevu wa hewa ulioganda juu ya nyasi na majani, mweupe kama unga.
Kilula: mahali pa kuchotea maji ya bomba kijijini.
Koki: kifaa cha kufungulia na kufungia maji.
Uvuguvugu: joto kidogo, lisilounguza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ni dalili gani za jioni zinazoonyesha kwamba usiku utakuwa na sakitu?
2. Kwa nini ufa hauonekani alfajiri?
3. Uchafu huingiaje ndani ya bomba wakati maji yamekatika?
4. Kwa nini sisi wa milimani tunachemsha maji kwa dakika 3?

KAZI YA KUFANYA

Wiki hii nendeni pamoja kwenye vilula vyote vya kijiji chenu. Andikeni katika daftari: ni vingapi vimevikwa nguo, vingapi viko uchi, na ni wapi bomba limefukuliwa na mvua. Pelekeni orodha hiyo kwa kamati ya maji. Kisha mchague siku moja ya kazi kabla ya mwezi Juni.